Hewa Kwanza, Kompyuta Baadaye

Kijana akishanunua Subaru Impreza au Forester yenye turbo, haupiti muda ataulizia kompyuta ya kuiongezea nguvu. Atataja Link, Haltech, MoTeC, ECUMaster, majina aliyoyapata kwa wenzake, na atataka aambiwe ipi ndiyo kali kuliko zote. Fundi ninayemsifu hapa, mwenye gereji ya mabati Gatuanyaga, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, hajibu swali hilo. Yeye huuliza gari litaendeshwa wapi, litatiwa petroli gani, na nani atalishughulikia siku litakapokataa kuwaka. Wateja wengine hukereka, wakadhani anakwepa. Lakini ufundi wa kuchagua kompyuta ya injini umelala humo humo, na ni ufundi wa kuheshimiwa.

Anaanza na hewa. Thika iko mita 1,500 na ushei juu ya usawa wa bahari. Gatuanyaga nchi inateremka kidogo na kukauka, Kilimambogo kikijitokeza mkono wa kulia, ila bado tuko juu. Mombasa shinikizo la hewa ni kilopaskali 101 hivi. Kwetu ni kama 84. Injini isiyo na turbo hukubali upungufu huo, ikapanda mlima kwa kujikokota. Injini ya turbo haikubali. Turbo itazunguka kwa kasi zaidi ili kuijaza nafasi iliyopungua, na hapo ndipo kompyuta inapopimwa akili yake.

Chukua mfano. Tuseme fundi anataka silinda zipewe hewa ya kilopaskali 200. Mombasa turbo inatakiwa kuikandamiza hewa ya nje mara mbili hivi. Thika inatakiwa kuikandamiza karibu mara mbili na nusu, na Limuru zaidi ya hapo. Hewa inayokandamizwa hivyo hutoka na joto jingi, na turbo ndogo iliyotoka Japani na gari huzidishiwa mzunguko hadi ikajimaliza. Kompyuta inayofukuzia 200 bila kujua iko urefu gani itaiua turbo hiyo huku ikiamini imefanya kazi vizuri.

Kinyume chake nacho kina hatari. Kuna wanaopanga nyongeza ya turbo kwa kuhesabu juu ya hewa ya mahali walipo. Gari limetengenezwa Thika kwa nyongeza ya 100, jumla 184, na majedwali ya petroli ndani ya kompyuta yakajazwa na kukaguliwa hadi kama 190. Desemba ikifika mwenye gari anabeba familia kwenda pwani. Mtito Andei, Voi, Mariakani, barabara inateremka na hewa inazidi kuwa nzito. Saa ile mshale unaonyesha nyongeza ile ile ya 100, injini inapokea 201. Imeingia sehemu ya jedwali ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu, na nambari zilizomo humo ni za kukisia. Pistoni za kiwanda za EJ20, injini ya Subaru hizi, hazivumilii makisio. Kipande kinachoshikilia ringi huvunjika, na safari inaishia kwenye lori la kukokota.

Ndiyo maana fundi huyu, kabla ya jina la kampuni, hutafuta jambo moja katika maelezo ya kompyuta: je, ina sensa yake ya kupima hewa ya nje, tena kwa muda wote gari likitembea? Baadhi ya mifumo husoma hewa hiyo mara moja tu, ufunguo unapozungushwa kabla injini haijawaka. Kwa mtu anayezunguka Thika na Ruiru hilo halina neno. Kwa mtu atakayewasha gari Mombasa alfajiri na kupanda hadi Nairobi bila kulizima ila mara chache, hilo ni kasoro kubwa. Sijaona tangazo la kompyuta linalolitaja hilo kwa herufi kubwa. Watangazaji wengi wanaishi nchi ambazo dereva ni nadra kupanda zaidi ya mita elfu moja na nusu kwa siku moja.

Baada ya hewa, petroli. Impreza za STI zilizouzwa Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani 100 inayopatikana huko. Ile ya Super tunayouziwa vituoni iko chini ya hapo. Petroli hafifu ikibanwa sana na kupashwa moto hulipuka yenyewe kabla mwali wa plagi haujaifikia, na pistoni ikapigwa kofi. Mafundi huita huko kugonga. Dawa yake ni kuchelewesha cheche, kuongeza petroli kidogo, au kupunguza nyongeza, na kujua ni kiasi gani cha kila kimoja ndiyo kazi yenyewe. Injini ikiwa inatembea taratibu, uwiano wa hewa na petroli hukaa karibu 14.7 kwa 1. Ikikanyagwa na turbo ikajaa, fundi huushusha hadi kama 11.5, ili petroli ya ziada ipooze silinda.

Kugonga husikika. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, na kwa kipenyo hicho mlio wa kugonga huangukia karibu mizunguko 6,000 kwa sekunde. Kompyuta nzuri ina sikio la elektroniki linaloweza kuelekezwa kwenye mlio huo. Fundi wangu hategemei sikio hilo peke yake. Ana kisensa alichokifunga kwa bolti kwenye bloku ya injini, waya wake ukaingia kwenye kikuza sauti kidogo, na kutoka hapo kwenye hedifoni kubwa zilizochakaa. Kwa asiyejua, kinachosikika ni mvumo tu, kelele za valvu na mnyororo wa mambo yasiyoeleweka. Yeye hufumba macho. Katikati ya mvumo huo pakitokea mlio mdogo mkavu, kama changarawe moja iliyodondoka kwenye karai, mkono wake unainuka na msaidizi anaachia mafuta papo hapo. Kisha anarudi kwenye kipakatalishi, anakitafuta kisanduku kilichohusika katika jedwali la cheche, anakipunguza digrii mbili, na kazi inaanza upya. Nimemwona akirudia kisanduku kimoja mpaka jua likazama, na hakuna mteja aliyemlipia muda huo.

Mambo haya ya kompyuta za injini hayana umri mkubwa. Mwaka 1979 Bosch na BMW walitoa gari la 732i lenye mfumo wa Motronic, ambao uliunganisha petroli na cheche chini ya kompyuta moja. Mwaka 1986 Haltech ilianzishwa Australia, na kompyuta za kupangwa na mnunuzi mwenyewe zikaanza kuenea. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bowling na Grippo, walitoa MegaSquirt, kifaa ambacho mtu angeweza kukichomelea mwenyewe mezani kwa gharama ndogo. Leo kuna Speeduino, inayotumia bodi ya Arduino, na mchoro wake uko wazi kwa kila mtu. Juu kabisa iko MoTeC, ambayo bei yake inaweza kulingana na ya gari zima kuukuu.

Nasi tuliipenda turbo mapema. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally nafasi ya nne akiwa na Impreza WRX, gari lililokaribiana sana na lile la dukani, katika mashindano yaliyoshindwa na Mkenya mwenzake Ian Duncan kwa Toyota Celica. Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana mizizi huko.

Sasa, uamuzi wangu kuhusu nani abadilishe kompyuta. Kama gari ni la kwenda kazini, limebadilishwa bomba la moshi na kuongezwa nguvu kidogo, libaki na kompyuta yake ya kiwanda, iandikwe upya nambari tu. Subaru walitumia miaka wakiifundisha jinsi ya kuwaka asubuhi ya baridi na kutulia kwenye foleni ya Githurai, na kuyapata hayo tena kwenye kompyuta tupu ni kazi ngumu kuliko kupata nguvu za farasi. Impreza za miaka ya 1990 haziandikiki kirahisi, kwa hiyo hizo zina udhuru. Sababu ya kweli ya kubadilisha ni pale kompyuta ya kiwanda inaposhindwa kuona. Sensa yake ya kupima hewa inayoingia ina kikomo. Hewa ikizidi hapo, nambari inaganda ilhali hewa inaendelea kuongezeka. Ukifunga turbo kubwa na injekta kubwa, umelipofusha gari, na ni wajibu wako kulipa macho mengine.

Hapo ndipo uchague kwa makini. Kompyuta ijue kusoma meno ya kranki ya injini yako, kwa maana Subaru walibadilisha mpangilio wa meno hayo katika miaka mbalimbali, na ule wa 36 wenye mapengo matatu ya mawili mawili umewatoa jasho wengi. Iweze kuongoza valvu zinazobadilisha muda na throto ya umeme, kama gari lako linazo. Ihesabu joto la hewa inayoingia, kwa sababu rejeta ya hewa ya Subaru imekaa juu ya injini, na ukikwama Ruiru adhuhuri inageuka jiko. Na iwe na ulinzi: shinikizo la oili likishuka, au petroli ikipungua silindani nguvu zikiwa juu, iizime injini bila kumwomba dereva ruhusa. Mimi ningetoa nguvu za farasi ishirini kwa hiari ili nipate ulinzi huo.

Kuna zinazochomekwa kwenye soketi ya kiwanda na kuna zinazohitaji waya mpya kila mahali. Za kuchomeka zinatosha wengi. Lakini nikiwa Gatuanyaga napenda kuangalia kazi ya waya mpya, kwani barabara za vumbi za kuelekea Munyu hazimsamehe mvivu. Fundi hukata waya, huvua ganda lake bila kujeruhi hata uzi mmoja wa shaba, huubana kwenye kichwa chake kwa koleo maalumu, kisha huvuta kwa nguvu. Kila kiungo, bila kuruka hata kimoja. Kilichotoka kinatupwa na kuanzwa upya. Waya za sensa ya kranki huzipitisha ndani ya ala yenye kinga, mbali na koili, na ardhi zote za sensa huzirudisha kwenye kompyuta yenyewe. Mteja hatayaona hayo kamwe, maana yatafunikwa kwa tepu.

Mji wa Thika umezoea kuunganisha magari. Kampuni ya Kenya Vehicle Manufacturers iko hapo, zamani ikiitwa Leyland Kenya, na Desemba 2016 ilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini michoro hutoka kwa wengine. Anayetyuni injini kwa hewa ya hapa na petroli ya hapa anaandika nambari ambazo hakuna mhandisi wa ng'ambo aliyewahi kuziandika, kwa kuwa hakuna aliyepima injini hiyo mahali hapa. Naiita kazi hiyo uhandisi, ingawa inafanyika kwenye kibanda cha mabati.

Neno kuhusu mashine za kupimia nguvu. Zipo Nairobi, na ni mahali salama pa kutyuni kuliko barabara ya umma, ambako mtu huweza kumuua mpita njia asiye na habari. Ila usidanganywe na karatasi utakayopewa. Mashine nyingi huongeza nambari ili kufidia mwinuko, na hesabu hiyo ilitengenezwa kwa injini zisizo na turbo. Ya turbo imekwisha kujifidia yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo nambari iliyoongezwa ni ya kubembeleza roho. Mwombe mpimaji akupe ile ghafi.

Basi wewe uliyeweka pesa kando na unataka kuagiza, ngoja kidogo. Tafuta kwanza fundi atakayeshika gari lako, muulize ni kompyuta gani anayoifungua na kuisoma bila kuhangaika, na umwombe akuonyeshe gari alilolimaliza miaka miwili iliyopita na bado linatembea. Nunua hiyo anayoijua, hata kama si ya jina kubwa. Pesa itakayobaki mlipe yeye kwa saa zake, na usimharakishe.