Mshahara wa Yaya katika Riwaya ya Mapenzi

Msomaji, ikiwa unafundisha Voi, Wundanyi au Taveta, bila shaka umewahi kumnyang'anya mwanafunzi riwaya pendwa aliyoificha ndani ya kitabu cha Jiografia. Kisa kinachorudiwarudiwa humo ni hiki: baba aliyebaki peke yake na mtoto anaajiri yaya wa kulala papo hapo, mtoto anampenda yaya, kisha baba naye anampenda. Walimu wengi hukifungia kitabu hicho kabatini. Mimi naona tukisome, ila tukiulize swali moja: yaya huyu akikataa, atalala wapi usiku huo?

Charlotte Brontë alilikabili swali hilo katika Jane Eyre (1847), nyanya wa visa hivi vyote. Jane anaajiriwa Thornfield kumfunza Adèle kwa pauni 30 kwa mwaka. (Rochester ni mlezi wa Adèle, hakubali kuwa ndiye baba. Mtahiniwa asikosee hapa.) Hata baada ya kuposwa, Jane anashikilia kuwa ataendelea kufunza na kulipwa pauni zake zilezile. Harusi inapovunjika kanisani, ikibainika kuwa bwana ana mke aliyefungiwa ghorofani, Rochester anamsihi asiondoke. Jane anaondoka, na mtunzi hampunguzii adhabu: analala nje na kuomba chakula. Anarudi baadaye akiwa amerithi pauni 20,000 za ami yake na kuzigawa sawa na binamu zake watatu. Urithi huo ni sadfa tupu, na wanaoulalamikia wana haki. Hata hivyo, bila fedha hizo tungejuaje kama amerudi kwa mapenzi au kwa njaa?

Sasa tugeukie Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika KCSE hadi 2022. Humo mna Lunga, baba aliyeachwa na mkewe Naomi, na mna Sauna, kijakazi wa nyumba hiyo. Hapa hakuna mapenzi. Sauna anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi. Kangara, mfanyabiashara wa watoto. Watahiniwa humwita "katili", wakaweka nukta. Je, wamesahau kuwa alinajisiwa na baba wa kambo, akatoroka kwao? Uovu wake haufutiki kwa hilo, lakini aliingia katika kazi hiyo akiwa hana kwao pa kurudi. Lizingatie pia neno lenyewe: mjakazi alikuwa mtumwa wa kike. "Yaya" linasikika laini zaidi, ingawa anayeitwa hivyo hulala chini ya paa lilelile la mwajiri.

Jambo hili si geni kwetu. Wasichana hushuka kwa matatu kutoka milima ya Taita kuja kulea watoto hapa Voi, na wengine hupitiliza hadi Mombasa. Nilipoliuliza darasa swali la pa kulala, msichana mmoja alijibu, "Kwa shangazi, Mwakingali, kama bado anapokea simu." Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Kwa hivyo, mtahiniwa, ukiwa na riwaya ya aina hii mkononi, tafuta ukurasa ambapo mshahara wa yaya umetajwa kwa mara ya mwisho. Katika nakala niliyoinyang'anya muhula uliopita, ni ukurasa wa 9.