Ufundi wa Kunyamaza Hewani

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua ilipiga milima iliyo juu ya Bujumbura, maji yakashuka na matope na mawe hadi karitie za kaskazini, Kinama na Kamenge zikiwamo. Waliokufa walizidi 60. Aliyelala bondeni haioni mvua ya mlimani, na kifaa cha kumwonya si ajabu tena: kijisanduku chini ya daraja, betri, antena isiyozidi sentimita 9. Kukinunua ni kazi ndogo. Kukifanya kisikike usiku wa mafuriko ndio ufundi, nami naupenda kwa sababu sehemu yake kubwa ni kujua kunyamaza.

Hewa yenyewe haina mwenyewe. Kampuni za simu hulipia masafa yao. Vihisi vidogo kama kijisanduku hicho hujibana kwenye masafa ya wote, na humo ukiingiliwa huna wa kumlalamikia. Kwenye 2.4 GHz wamo Wi-Fi, Bluetooth na hata oveni za maikrowevu. Kwenye 868 MHz, kanuni za Ulaya huruhusu, kwa baadhi ya mikondo yake, nguvu ya miliwati 25, na kifaa kiongee asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Ni zamu ya bomba la mtaa: jaza ndoo yako, ondoka. Fundi wa kweli akipewa kazi Kinama ataanzia ARCT, wasimamizi wa mawasiliano wa Burundi, aulize masafa yanayoruhusiwa, ndipo apande ngazi.

Huko juu ya ngazi kuna mambo. Mawimbi hayapiti kama uzi. Daraja likiwa kilomita 1 kutoka kwenye kipokezi kinachosikiliza vihisi, mawimbi ya 868 MHz yanataka njia nene: katikati ya safari, nusu kipenyo chake hukaribia mita 9. Kwa hiyo kukiona kipokezi kwa jicho juu ya mabati hakutoshi. Mwembe mmoja uliolowa unaweza kula nguvu yako. Fundi mvivu ataongeza nguvu. Mwenzake atapandisha nguzo, kisha arudi kupima siku ya mvua.

Halafu ujumbe. Wanaoanza hutuma sentensi nzima, herufi baada ya herufi. Mjuzi huandika kina cha maji kwa milimita: namba yoyote hadi 65,535 inaenea katika baiti 2, na ya tatu ni ya hali ya betri. Basi. Jina la mto halitumwi, kwani mfumo unajua ni kifaa kipi kinachoongea. Mwendo wa kuongea nao una bei yake. Teknolojia ya LoRa, iliyobuniwa na Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, na kuchukuliwa na Semtech mwaka 2012, hukuwezesha kuongea polepole ili ufike mbali. Katika LoRaWAN, mtandao unaotumia LoRa, ujumbe wa baiti 10 kwa mwendo wa haraka hushika hewa kama milisekunde 60. Kwa mwendo wa taratibu kabisa, karibu sekunde 1.5. Kifaa kilichofungwa mahali pabaya hulazimika kuburuta maneno, na anayeumia ni jirani.

Nyeri, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, akiwamo Ciira wa Maina, wameifanya kazi hii kwenye mto Muringato. Kihisi huyatazama maji kutoka juu, hupiga mlio usiosikika kwa sikio, hupima mwangwi umechukua muda gani kurudi, na namba husafiri kwa LoRaWAN. Vipimo vya aina hii vina mtego mzuri: sauti hukimbia zaidi kwenye hewa yenye joto. Joto likipanda nyuzi 10, kwenye umbali wa mita 3 kosa hufika kama sentimita 5. Mto unaonekana umejaa, kumbe ni jua tu limechomoza. Kwa hiyo ndani ya kijisanduku huwekwa na kipimajoto.

Kiangazi kifaa husema mara chache, kikitunza betri na haki yake ya kuongea. Maji yakipanda ghafla, husema mara nyingi zaidi. Hata hapo ni heri kisiombe jibu, maana kipokezi kikijibu huwa kiziwi kwa vihisi vingine vyote kwa muda huo, nacho kina ukomo wake wa kuongea. Afadhali kurudia ujumbe mara tatu, kila mara baada ya pumziko la kubahatisha, ili vifaa viwili vilivyogongana hewani visigongane tena.