Ford na Mvua Iliyoachwa

Filamu aliyoiongoza John Ford mwaka 1940 kutokana na riwaya ya Steinbeck, The Grapes of Wrath, imemiminiwa sifa tele. Walakini mwisho wake ni kosa dhahiri, na kosa hilo limeinyang'anya ardhi kauli yake.

Mnakumbuka mambo yalivyo kitabuni. Jamaa ya Joad, wakulima waliofukuzwa Oklahoma, hufikia kwanza kambi ya serikali, penye maji ya bomba na staha ya kibinadamu, kisha ukosefu wa kazi huwatoa humo hadi kwenye shamba la matunda alikouawa mhubiri Casy, na kutoka hapo hadi kwenye pamba, wakaishi ndani ya behewa, mpaka mvua ikanyesha siku baada ya siku, mto ukafurika, binti yao Rose of Sharon akajifungua maiti, na ami John akakitia kichanga katika kasha la matofaa akalisukuma majini. Nunnally Johnson aliyeandika mchezo, na Darryl Zanuck aliyeutayarisha, waliupindua utaratibu huo: mauaji yakatangulia, kambi ikafuata, na gari likashika njia kutafuta kazi ya siku 20, huku Mama akitufariji kwamba watu wa namna yao hawamaliziki.

Jane Darwell, aliyemwigiza Mama, ayasema vema maneno hayo. Lakini riwaya hii yafunguliwa na nchi ya Oklahoma iliyonyimwa mvua, na kufungwa na nchi ya California iliyogharikishwa nayo, ili tuone kwamba maskini asiye na hati ya shamba hufukuzwa na ukame kama anavyofukuzwa na neema. Na katikati yake machungwa yamwagiwa mafuta ya taa mbele ya macho ya wenye njaa. Ukiiondoa gharika, ardhi iliyokuwa mshitaki yatoweka kabla ya hukumu.

Wapo wanaotoa udhuru kwamba kanuni za maadili za Hollywood zisingeruhusu Rose kumnyonyesha mtu mwenye njaa, kama afanyavyo mwishoni mwa kitabu. Ni kweli; ila kilichokatazwa ni titi, si mto. Nimesema mara nyingi, wala sitachoka, kwamba mtayarishaji anayehofu mtazamaji asirudi nyumbani na simanzi ndiye adui mkubwa wa riwaya.

Inauma zaidi kwa kuwa mwanzo ulikuwa sahihi: Muley, jirani wa akina Joad, achuchumaa, ashika udongo wake, trekta lapita juu ya nyumba, kisha kamera ya Gregg Toland yatuonyesha vivuli vya watu vimelala juu ya alama za minyororo ya trekta.

Kwamba ardhi ndiyo inayostahili kuhitimisha, mwongozaji King Vidor alilijua tangu mwaka 1934. Katika Our Daily Bread, wakulima wachimba mfereji, wakimbia mbele ya maji na kuyazuia kwa miili yao yasipotee kabla ya kuufikia mhindi uliokauka, na filamu yaiachia ardhi neno la mwisho. Vidor aliigharimia kazi ile mwenyewe. Ford alikuwa na mali ya studio nzima, na kitabu kilichokwisha mwandalia mvua, akaiacha.