Ukungu wa San Andreas

Wahakiki wengi wa gemu huandika wakiwa na mashine ambazo wewe na mimi hatuna. Wanasifu kivuli cha jani, maji yanayoakisi taa za barabarani, nywele za mhusika zikipeperuka moja moja. Mimi nacheza Subukia, kwa laptopu ya mtumba, zile wauzaji huita ex-UK: Celeron, RAM ya GB 4, grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ilitengenezewa mtoto wa shule aandike insha. Kwangu kivuli ndicho kitu cha kwanza kuzimwa. Kwa hivyo huu ni uhakiki wa Grand Theft Auto: San Andreas kutoka upande wa wale wanaozima vitu.

Namba kwanza, maana ndizo zinazoamua nani anaingia. Toleo la kompyuta la 2005 liliomba Pentium III ya GHz 1, RAM ya MB 256 na kadi ya grafiki ya MB 64. Novemba 2021 Rockstar wakatoa mkusanyo wa gemu tatu za zamani zilizopakwa rangi upya, Definitive Edition, na huo unataka RAM ya GB 8, kadi ya grafiki ya GB 2 na nafasi ya GB 45 kwenye diski. Hadithi ni ileile. CJ anarudi Los Santos mwaka 1992, baada ya miaka mitano mbali na nyumbani, kumzika mama yake. Kilichopanda ni kiingilio.

Kwa hivyo tunabaki na lile la 2005, na hata hilo lazima ulibembeleze. Skrini yangu ni 1366 kwa 768, yaani nukta milioni moja na kidogo ambazo prosesa inachora upya kwa kila fremu. Ukishusha hadi 800 kwa 600 zinabaki 480,000. Ukishuka tena hadi 640 kwa 480 ni 307,200. Kwa mashine kama hii sijaona setingi nyingine inayoleta nafuu kubwa hivyo kwa mbofyo mmoja. (Picha inavutwa kujaza skrini, na CJ ananenepa kabla hajala baga hata moja.) Kisha unashusha ubora wa madoido, unazima kile kinacholainisha kingo, unafunga brauza, unachomeka chaja kwa sababu laptopu ikitumia betri inajibania nguvu. Fungua pia mgongo uitoe vumbi. Vumbi la murram likishaziba feni, joto linapanda na prosesa inajipunguzia kasi yenyewe, hata uwe umezima nini.

Halafu kuna kitufe kinaitwa Frame Limiter. Mabeshte wote watakwambia ukizime ndio gemu iteleze. Kizime basi, uingie baharini uone: CJ anaogelea kama amefungwa jiwe miguuni. Sababu ni kwamba sehemu ya mwendo wa ulimwengu ule ilihesabiwa kwa fremu, si kwa sekunde, na kitufe hicho huishika gemu kwenye fremu 25 hivi kwa sekunde. Ukizidisha, hesabu inavurugika. Nimekuja kuamini kwamba tunapolilia gemu iteleze, hatutaki fremu nyingi kama tunavyodhani. Tunataka zije kwa usawa. Fremu 25 zilizopangana nazichukua mbele ya 40 zinazorukaruka, na mtu yeyote aliyewahi kufukuza ile treni na Big Smoke nyuma ya pikipiki anajua ninachosema.

Sasa ukungu. San Andreas ilitengenezewa PlayStation 2, mashine yenye RAM ya MB 32 tu. Isingeweza kubeba jimbo zima kwa mpigo, kwa hivyo gemu inasoma kipande cha mbele yako kutoka kwenye diski huku ikisahau ulichokiacha nyuma. Ile hewa ya rangi ya chungwa juu ya Los Santos na ule utusitusi wa mashambani vinaficha mahali ulimwengu unapoishia. Mbinu hii haikuanzia hapo: Silent Hill ya 1999 ilijificha vivyo hivyo kwenye PlayStation ya kwanza, na ukungu wake ndio uliobaki vichwani mwa watu.

Jimbo lenyewe ni dogo ajabu, kilomita 6 hivi kwa 6. Matatu ya Nakuru inazimaliza hizo kabla kondakta hajamaliza kukusanya nauli. Lakini ukiendesha usiku kutoka Angel Pine, milima ikijitokeza moja moja, unahisi umetupwa mbali na kwenu kweli, na hapo ndipo hadithi inapotaka uwe. Hapa bondeni, asubuhi ukungu ukishuka, huoni ng'ambo, na Subukia inakuwa kubwa.

Toleo la 2021 liliuondoa. Ukipanda Mount Chiliad ukaangalia chini, miji ambayo ulitumia wiki kuifikia ilikuwa imekaa pale kama vikombe kwenye trei. Kulikuwa na makosa mengine mengi, na Rockstar waliomba radhi mwezi huohuo, lakini hili halikuwa hitilafu. Mtu aliamua kwamba kuona mbali ni bora kuliko kutoona. Ilipofika Novemba 2024 ndipo likaja sasisho lenye chaguo la kurudisha mwanga na anga la zamani.

Sitaki kuugeuza ukata kuwa urembo, buda. Ukungu wa 2004 uliwekwa na wasanii waliochagua rangi yake kwa kila saa ya siku. Mimi nikishusha setingi sichagui kitu, nafuta tu. Nikivuta umbali wa kuona hadi mwisho wa chini, majengo na miti huchomoza ghafla mbele ya gari, na hapo gemu haina fumbo lolote, inakera tu. Ndiyo maana umbali huo ndio kitu cha mwisho ninachogusa. Niko tayari kupoteza vivuli, nukta na hata umbo la CJ kabla yake.

Na kuna hesabu nyingine ambayo hakuna mhakiki anayeiandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, na laptopu hii ndiyo inayonilipa. Ikiungua hakuna makala, na bila makala hakuna kodi. Kwa hivyo nacheza dakika 40, nahisi kibodi kwa kiganja, nafunga. Misheni ndefu naigawa kwa siku. Wakati mwingine stima inapotea katikati na siku inaishia hapo. Gemu iliyotungwa iwe safari moja ndefu mimi nimeisoma kama riwaya ya gazetini, kipande kwa kipande, na imenistahimili. Zile za kisasa sijui kama zingestahimili. Bado hazijanifungulia mlango.

Basi ukinihakikia gemu, niambie kwanza uliicheza kwa mashine gani, na ukizima vivuli kunabaki nini.