Chungu kisicho na shujaa

Kuna mtungi mmoja wa Kigiriki kule Vatikani ambao vitabu vya sanaa havichoki kuuonyesha. Exekias aliuchora kama mwaka 540 hivi kabla ya Kristo. Achilles na Ajax wameinamia mchezo, mikuki mkononi. Karibu na vinywa vyao kumeandikwa namba: nne kwa Achilles, tatu kwa Ajax. Ukishajua kwamba wote wawili watakufa kabla vita vya Troy havijaisha, mchezo ule unakuchoma. Exekias hakuchora kifo, alichora utulivu uliokitangulia. Hapo namvulia kofia.

Shida inaanza tukirudi nyumbani. Tunauliza: na vyungu vyetu vina picha gani? Tukiambiwa hakuna, basi, tunafunga ukurasa.

Chukua vyungu vya Kwale. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha habari za vyungu vilivyofukuliwa hapo, vya karne ya 3 hivi baada ya Kristo. Mtindo huo unaitwa Kwale hata ukipatikana Tanzania. Una midomo iliyobapwa kwa pembe, vijifereji, na mistari iliyochanjwa mabegani. Hamna mtu, hamna mungu, hata mnyama hamna.

Wataalamu huvisoma kama kalenda: mdomo huu, karne hii. Sawa, ni kazi yao. Lakini hebu tuvisome pia kama sanaa. Mfinyanzi alichanja mstari kwenye udongo mbichi, akaurudia, akauzungusha mpaka ukakutana na mwanzo wake. Huo ni mdundo. Sisi tunaocheza ngoma hatuhitaji shujaa ndani yake ndipo tuuelewe.

Na hadithi? Pwani ya kusini haijawahi kuzikosa. Wamijikenda husimulia walivyotoka Singwaya wakaja na fingo, kinga iliyozikwa ardhini ndani ya kaya. Sisemi waliofinyanga vyungu vile ndio hao. Kati yao kuna zaidi ya miaka elfu. Nasema hivi: Mgriki aliiweka hadithi ubavuni mwa mtungi, mbele ya wanywa divai, ionekane. Huku ikawekwa mdomoni na chini ya udongo. Nenda Kaya Kinondo, pale Diani, iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2008. Utafungwa kaniki kwanza, ndipo uingie usikilize. Kuficha nako ni namna ya kusimulia.

Ndiyo maana huwa sifurahi nikiona chungu kimepakwa simba na machweo ili mgeni wa hoteli akinunue haraka. Riziki ni riziki, simlaumu muuzaji. Ila sisi tunaoandika na kuchora hatuna kisingizio hicho. Tukiamini kwamba chungu bila picha ni chungu kimya, tutaendelea kuazima mashujaa wa watu, huku mistari ya Kwale ikibaki kazi ya wachimbaji peke yao.