Senti yenye tundu na mizani ya wakusanyaji

Niko na neno kuhusu watu wanaokusanya senti za zamani. Kazi yao ni nzuri, ila mizani yao hainiridhishi.

Tuanzie mbali kidogo. Kule Uingereza kuna peni ya mwaka 1933. Mwaka ule peni zilikuwa tayari nyingi nchini, kwa hiyo zilitengenezwa chache tu, na kadhaa ziliwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Mwaka 1970 wezi waliiba moja chini ya jiwe la kanisa, mjini Leeds. Peni ile haikununua mkate hata siku moja. Hakuna mama aliyeifunga kwenye pindo la kitambaa. Bei yake kubwa inatoka wapi? Ni kwamba iko haba, basi.

Ndiyo mizani yenyewe: pesa isiyoguswa inapanda bei, pesa iliyochakaa mikononi mwa watu inaitwa mbovu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1887 Leopold II alitoa senti za shaba kwa ajili ya Kongo yake: 1, 2, 5 na 10, zote na tundu katikati, nyota upande mmoja, herufi L zenye taji upande mwingine. Sura yake mwenyewe aliiweka kwenye pesa za fedha, zile kubwa. Mkusanyaji akipata senti ile ingali inang'aa, anafurahi sana. Mimi nauliza: ju ya nini inang'aa? Wakati ule, katika sehemu nyingi, watu walilipwa kwa vitambaa na kwa mitako, zile nyaya za shaba ya njano, na kodi walilipa kwa mpira na chakula. Inawezekana senti ile ni safi kwa sababu haikufika kwa mtu aliyefanya kazi. Usafi wake nao ni ushahidi, lakini orodha ya bei haisemi hivyo. Inaandika tu "hali nzuri sana".

Tuchukue tena sengi. Mwaka 1967 zaire moja iligawanywa makuta 100, na likuta moja sengi 100. Sengi 10 ilikuwa ya alumini, nyepesi kabisa, na chui juu yake. Kisha bei zikapanda mpaka pesa ndogo zikakosa kazi. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ilipoingia, faranga moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Chui alikuwa amekwisha kupotea sokoni zamani. Lakini hata leo, kwetu, mtu akikosa pesa anasema hana makuta. Pesa imekufa, jina lake bado linatembea.

Sitaki kuwaonea wakusanyaji. Bila wao, senti nyingi zingeyeyushwa ao kutupwa, na mimi nisingekuwa na kitu cha kuandika hapa. Wanajua tarehe, uzito, kiwanda. Shida ni kwamba wanasimamia pale. Na shida yetu sisi ni mbaya zaidi: tuko na lisansi ya historia, lakini kopo la bibi lenye makuta ya zamani tunawapatia watoto wachezee.

Basi, ukipata senti kama ile nyumbani, usiisugue na limau wala mchanga. Utaondoa rangi ya miaka yote ile. Kaa kwanza na mwenye nayo, shika kalamu. Muulize: ilinunua nini? Chumvi ngapi? Ni siku gani muuza duka aliikataa? Andika, weka karatasi pamoja na senti.

Senti iliyochakaa na karatasi ile, kwangu, inapita peni ya 1933. Sokoni haitapita, najua. Lakini mwalimu wa historia wa kesho hatakuwa na haja ya kitu kinachong'aa. Atahitaji mashahidi, na mashahidi wetu wanazeeka.