Ukimya wa Karani na Matuta ya Uluguru

Katika hadithi fupi zilizodumu ipo jamii ya watu wasioeleweka: huingia bila nasaba, hukataa bila kutoa sababu, na hutoweka wakimwachia msomaji swali. Mkuu wao ni Bartleby, karani aliyebuniwa na Mmarekani Herman Melville katika hadithi iliyotolewa mwaka 1853. Wahakiki wengi wamejitahidi kumtafutia maradhi, dini au falsafa. Lakini swali lenye manufaa zaidi ni hili: ni nani asemaye kwamba karani huyu haeleweki?

Asemaye ni bwana wake, wakili mzee wa Wall Street mjini New York. Bartleby ameajiriwa kunakili hati, na mwanzoni hunakili kwa bidii usiku na mchana. Siku ya tatu anaitwa alinganishe nakala na asili yake, naye anakataa. Hapandishi sauti wala hatoi udhuru. Hasemi 'sitaki', neno la ugomvi. Wala hasemi 'siwezi', neno la kuomba huruma. Hueleza kwa upole tu kwamba moyo wake haukuelekea huko. Mgomvi huadhibiwa, na mwombaji husamehewa. Kwa vyote viwili bwana hubaki bwana. Mbele ya upole wa namna hii amri haina pa kushika, hata wakili, baada ya kushindwa kumtoa karani, anahama afisi yeye mwenyewe.

Msomaji wa Gairo hana haja ya kwenda New York ili auone mkasa wa jinsi hii. Katika milima ya Uluguru, kwa Waluguru ambao kama Wakaguru wa Gairo hufuata ukoo wa mama, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1950 mpango wa kuhifadhi ardhi, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Wako waliokawia, na wako waliochimba shingo upande. Machoni pa maafisa hilo lilikuwa fumbo: mbona watu wakatae kuokoa udongo wao wenyewe? Lakini mlimani hapakuwa na fumbo. Mkulima aliona kwamba ngazi zile zilifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo usiozaa, tena kwa kazi nzito. Mwezi Julai 1955 upinzani ulikuwa wa wazi, damu ikamwagika, na matuta ya lazima yakaachwa.

Basi fumbo mara nyingi hukaa jichoni mwa mwenye kalamu. Wakili wa Melville ni mtu mwema. Hutoa fedha, na hata humkaribisha karani nyumbani kwake. Anakiri kwamba kulinganisha nakala ni kazi ya kuchosha, lakini hafiki kuuliza kama mtu aweza kuishi kwa kunakili maneno ya wengine. Hutoa kila kitu isipokuwa shaka juu ya cheo chake.

Hata hivyo mikasa hii miwili si mamoja. Mluguru alikataa akiwa na ukoo, shamba na jirani aliyekataa pamoja naye. Sababu yake, hata isiposikiwa afisini, ilisikiwa nyumbani. Bartleby hana wa kumsikia. Anafungwa, anaacha kula, na anakutwa amekufa chini ya ukuta wa gereza. Uvumi wa mwisho, kwamba aliwahi kufanya kazi katika afisi ya barua zisizofika, hauelezi kisa chake. Huonyesha tu kwamba kukataa kwake nako ni barua isiyopata mpokeaji. Ndiyo sababu kukataa kwa wengi hatimaye hupewa jina la siasa, na kukataa kwa mmoja huitwa wazimu.

Mwanafunzi asomaye hadithi hii leo, kesho huenda akakaa katika kiti cha wakili. Atakapokutana na mtu anayekataa kwa upole, asiharakishe kuandika kwamba haeleweki. Aangalie kwanza ni amri gani iliyotolewa.